Nyuma ya Kikaratasi

Saa saba na nusu mchana, siku ya Jumatano, Inspekta Enoch Sugden alifika kwenye nyumba ya kamusi kwa mara ya tatu wiki hiyo. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka tangu jana asubuhi, lakini baridi ilikuwa imekaza kiasi cha kugandisha maji ndani ya ndoo jikoni. Dorcas Haigh, msaidizi wa mhariri, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa hajaonekana tangu Jumatatu adhuhuri. Sugden alikuwa polisi wa Yorkshire kwa miaka ishirini na sita na alijua mwili wa mtu unaweza kustahimili siku ngapi za baridi ya namna hiyo.

Mzee Jabez Haigh, baba yake Dorcas, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, kofia mkononi. Alikuwa hapo tangu jana.

"Inspekta, kuna lolote?"

"Bado, mzee. Nenda nyumbani ukaote moto."

"Moto upi? Anayeuwasha ni Dorcas."

Sugden akampita. Akapanda ngazi, goti lake la kushoto likilalamika kila hatua. Mrakibu wake alikuwa amempa hadi saa kumi jioni. Baada ya hapo jalada lingefungwa na kuandikwa kwamba mwanamke mtu mzima ameondoka kwa hiari yake.

Mrakibu alikuwa na sababu zake. Jumatatu karani wa stesheni alimwona mwanamke mwenye kofia ya kijivu akipanda treni ya Leeds, na Dorcas alikuwa na kofia ya kijivu. Sugden aliipoteza sehemu kubwa ya Jumanne akiifuata kofia hiyo, hadi polisi wa Leeds walipompata mwenyewe: mke wa daktari wa meno, ambaye hakufurahi hata kidogo kuulizwa alikwenda kumtembelea nani. Hilo likafa. Lakini lilibaki la pili, gumu zaidi, na ndilo lililomrudisha kwenye nyumba hii.

Ilikuwa nyumba ya ajabu. Watu wazima kumi na wawili, waliosoma kuliko hakimu, walikuwa wamekaa humo miaka thelathini wakitafuta maana za maneno ambayo hakuna mtu sokoni anayeyatumia. Kuta zote zilikuwa na vijumba vya mbao, vidogo kama vya njiwa, kila kijumba na neno lake. Ndani yake mlikuwa na vikaratasi. Wasomaji kutoka kila pembe ya nchi walisoma vitabu vya kale, na kila walipokuta neno walinakili sentensi yake kwenye kikaratasi, wakaandika mwaka na jina la kitabu, wakatuma. Wahariri walivipanga kwa miaka na kuamua neno lilikuwa na maana gani, lini, na kwa nani.

"Nirudie tena, Bi Munn," Sugden alisema. "Polepole."

Bi Tabitha Munn, mpangaji wa vikaratasi, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Alimtazama kwa subira ya mtu anayemfundisha mbuzi kusoma.

"Jumatatu saa sita Dorcas alitoa kikaratasi kimoja kwenye kijumba hiki. Akaweka kadi nyekundu mahali pake, kama sheria inavyotaka. Jina lake, saa, na sababu: kinakaguliwa. Akavaa koti akatoka. Jumanne asubuhi nilipofungua, kadi nyekundu haipo, kikaratasi kimerudi."

"Kwa hiyo alirudi."

"Mimi nimekuambia nilichokiona. Hayo ya alirudi mnasema nyinyi."

Huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe. Kama kikaratasi kilirudi Jumanne, Dorcas alikuwa hai Jumanne, ana ufunguo wake, ana akili zake, na ameamua kwenda zake. Mrakibu aliipenda hoja hiyo kwa sababu haikumtaka mtu yeyote atoke nje kwenye baridi.

Mlango wa ofisi ya ndani ukafunguka, akatoka Bwana Mortimer Lisle, naibu mhariri. Mhariri mkuu alikuwa amestaafu kabla ya Krismasi, na Ijumaa kamati ingemchagua mrithi. Kila mtu mjini alijua kiti hicho ni cha Lisle, na Lisle alijua zaidi ya kila mtu.

"Inspekta! Bado tu? Maskini Bi Haigh. Nilishakwambia, alikuwa amechoka. Kazi hii inawachosha wanawake."

"Kijumba hiki," Sugden alisema, akigonga mbao. "Ni neno gani?"

"Pervicacy."

"Sijawahi kulisikia."

"Hakuna aliyelisikia kwa miaka mia mbili, ndiyo raha yake." Lisle akachangamka. "Ni ukaidi, Inspekta. Kichwa kigumu. Lakini wapi lilianzia, hapo ndipo nilipogundua mimi. Wote waliotangulia walidhani ni neno la lawama. Si kweli. Mwanzoni lilikuwa sifa! Ushupavu wa mtu asiyeyumbishwa. Nimetoa mhadhara London juu ya jambo hilo, na kitabu changu kinatoka masika."

"Ulijuaje?"

"Kwa nukuu ya mwaka 1612. Hotuba ya mazishi, inamsifu mjane aliyekataa kuacha shamba la mumewe. Marehemu Kasisi Obadiah Fenn wa Arncross alitutumia mwaka 1889. Msomaji wetu bora."

"Na ndicho kikaratasi alichokitoa Bi Haigh?"

Lisle akasita kidogo. "Ndicho. Na ndicho alichokirudisha."

"Alitaka kukagua nini?"

"Alitaka kuona kitabu chenyewe. Ana tabia hiyo, haamini mpaka aone ukurasa kwa macho yake. Sasa wewe niambie, Inspekta, tukikagua kila kikaratasi, tutafika herufi ya mwisho karne gani?"

"Ulimwonyesha kitabu?"

"Kiko Arncross, kwenye vitabu vya marehemu. Sijakanyaga huko tangu mazishi yake Novemba."

"Nipe hicho kikaratasi," Sugden akamwambia Bi Munn.

Alikitoa kwa vidole viwili. Kilikuwa kama nusu ya ukurasa wa kitabu. Mwandiko wa kasisi ulikuwa mwembamba, umeinama kushoto: neno juu, mwaka, jina la kitabu, halafu sentensi ya mjane na shamba lake. Sugden akaisoma mara mbili. Haikumwambia kitu. Kisha akafanya kile ambacho polisi yeyote hufanya akipewa karatasi, akaigeuza.

"Huku hatugeuzi, Inspekta," alisema Bi Munn. "Nyuma ni takataka tupu. Wasomaji wetu wanabana karatasi. Wanaandika nyuma ya barua za zamani, nyuma ya hotuba, nyuma ya pakiti za mbegu. Miaka kumi na tisa sijatazama nyuma ya kikaratasi hata kimoja. Hakuna anayetazama."

Sugden alikuwa akitazama. Nyuma palikuwa na herufi nene nyeusi zilizochapishwa, zimekatwa pembeni kwa mkasi, lakini zilisomeka bila shida. MNADA. VYOMBO NA VITABU VYA MAREHEMU KASISI O. FENN, ARNCROSS. JUMAMOSI.

Akakisogeza kwenye mwanga, akasoma tena.

"Bi Munn, kasisi alituma hiki mwaka gani?"

"Themanini na tisa."

"Basi alikuwa mtu wa maajabu. Ameandika nyuma ya tangazo la kuuza vitu vyake baada ya kufa."

Bi Munn aliteremsha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani, akasoma, akakaa chini bila kutafuta kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

Lisle alicheka, kicheko kifupi sana. "Matangazo ya mnada yako kila mahali, Inspekta. Yamebandikwa mji mzima."

"Bado. Kubandika matangazo kunahitaji kibali cha polisi, na kibali hicho nimekitia saini mimi, jana. Wanaanza kubandika kesho. Leo matangazo yote yako bado kwenye furushi, na furushi liko nyumbani kwa kasisi. Na wewe hujakanyaga Arncross tangu Novemba."

"Mimi..."

"Nani ana ufunguo wa nyumba ile?"

Bi Munn ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Ni yeye. Yeye ndiye anayekusanya karatasi za marehemu."

Sugden alimsogelea hadi akasikia harufu ya mafuta ya ndevu zake. "Nisikilize vizuri, Bwana Lisle. Sitaki habari za kamusi. Sitaki habari za kiti. Kuna mzee ameketi ngazini hapo chini. Nataka neno moja tu. Wapi?"

"Sikumfungia mimi," Lisle alisema. "Alijifungia mwenyewe."

"Wapi?"

"Kwenye mnara wa kanisa. Chumba cha juu, vinamowekwa vitabu vya ubatizo. Fenn aliweka humo vitabu vyake vya kale. Tulikwenda Jumatatu. Alitafuta, hakukiona kitabu. Akasema hakipo, hakijawahi kuwepo, na Ijumaa ataiambia kamati. Nilitaka kikaratasi tu! Nilimshika mkono, akaniponyoka, akafunga komeo kwa ndani. Nikambembeleza saa nzima. Nikamwambia apitishe kikaratasi chini ya mlango, tuyamalize. Kakataa."

"Nawe ukafanya nini?"

"Nikafunga mlango wa chini wa mnara. Nilidhani baridi itamrudishia akili. Usiku, nyumbani kwa Fenn, nikaandika kikaratasi kingine kwa mwandiko wake, nikakiweka kijumbani mahali pa kadi nyekundu. Jana nilikwenda tena, nikajifanya polisi, akakataa tena. Leo... leo niliogopa kwenda."

"Uliogopa asikujibu."

Lisle akafunika uso. Sugden akaingiza mkono kwenye mfuko wa kizibao cha Lisle bila kuomba ruhusa, akatoa ufunguo mrefu wa chuma. Alitamani kumpiga. Alitamani sana. Badala yake alimwita Konstebo Tordoff aliyekuwa mlangoni, akamkabidhi Lisle, akashuka ngazi kama hana goti.

"Mzee Haigh, panda gari."

"Mmempata?"

"Panda gari!"

Arncross ilikuwa maili nne, nusu yake mlima. Farasi wa gari la polisi aliteleza mara mbili. Jabez Haigh hakuuliza kitu njiani. Alikuwa amekumbatia mfuko wake wa kazi, maana alikuwa fundi mwashi na alikuwa ametokea kazini moja kwa moja alipopata habari, na hakuwa amerudi nyumbani kuuacha. Sugden alimweleza yote kwa maneno machache. Mzee alitikisa kichwa.

"Angempa tu hicho kikaratasi," alisema. "Karatasi ni nini?"

Kijiji hakikuwa na kasisi tangu Novemba, na kanisa lilikuwa mbali na nyumba za watu. Kwenye theluji palikuwa na nyayo za mtu mmoja, za kwenda na kurudi, zimeganda. Ufunguo uligoma, kisha ukazunguka. Sugden akapanda mbele, ngazi za mawe, nyembamba, zenye barafu, hadi kwenye mlango wa mwaloni mweusi. Akapiga kwa ngumi.

"Bi Haigh! Polisi!"

Kimya. Akapiga tena.

"Jana pia ulisema polisi," sauti ikatoka ndani, kavu, ya chini sana.

Sugden aliegemea ukuta. Yu hai. "Mimi ni Inspekta Sugden wa Skelbeck. Hii hapa kadi yangu." Akaisukuma chini ya mlango.

"Kadi mtu yeyote anachapisha."

Jabez alikuwa amefika, akihema. Alimsukuma inspekta pembeni kama mtu anayesukuma ndama.

"Dorcas! Fungua mlango, we mtoto!"

Kitu kikaburuzika sakafuni, kikasogea mlangoni. "Baba?"

"Mimi. Fungua."

"Siwezi, baba. Nimejaribu tangu alfajiri. Komeo limeganda na vidole havikunjiki tena."

Mzee alipapasa mlango kwa kiganja, juu hadi chini, kisha akapapasa ukuta. "Huu ukiupiga shoka utakesha," alimnong'oneza Sugden. "Lakini mwimo wa mlango umeshikwa na chokaa. Nikitoa jiwe hili moja, mkono unafika kwenye komeo."

"Muda gani?"

"Nusu saa. Kama tindo halikatiki."

Akapiga magoti, akaanza. Nyundo na tindo, nyundo na tindo, chokaa ikamwagika kwenye ngazi. Alikuwa na miaka sitini na nane lakini hakukosea pigo hata moja.

"Baba," Dorcas alisema baada ya muda. "Sisikii tena baridi. Nina usingizi tu. Nitalala kidogo, utaniamsha."

Nyundo ikasimama. Wazee wote wa milima ile wanajua maana yake mtu kusema hasikii tena baridi. Sugden pia alijua. Alikuwa amewahi kumbeba mchungaji wa kondoo aliyelala usingizi huo, akiwa na tabasamu usoni.

"Piga, mzee, usiache," alisema kwa hofu. "Bi Haigh! Usilale. Ongea nami."

"Nimechoka, Inspekta."

"Dorcas!" baba yake aliita. Hakujibu. Mzee alimgeukia Sugden, macho mekundu. "Mkere."

"Nini?"

"Mkere! Tangu mdogo, ukitaka asilale mwambie amekosea."

Sugden akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Bi Haigh, nimezungumza na Bwana Lisle. Kuhusu lile neno. Mimi naona yuko sahihi."

Hakuna kitu. Kisha, "Sahihi vipi?"

"Mtu anayesimama kwenye jambo lake bila kuyumba ni wa kusifiwa. Hata mtoto anajua. Neno la sifa kabisa."

"Inspekta, umesoma nukuu zote kumi na nne?"

"Nimesoma moja. Imenitosha."

"Imekutosha!" Kulikuwa na mkwaruzo ndani, kama mtu anayejiinua kwa kiwiko. "Hiyo moja ni ya uongo. Aliitunga yeye. Zile kumi na tatu za kweli ulizisoma?"

"Nina kazi nyingine, bibi."

"Mwaka 1590. Askofu anawasema watu walioitwa mbele yake mara tatu wakakataa kuja. Hiyo ni sifa?"

"Pengine askofu aliamka vibaya."

"1634. Jaji. Mpangaji aliyevunja ngazi ya nyumba akaichoma moto, ili mradi tu asimrudishie mwenyewe. Sifa?"

"Mwanamume wa maana huyo."

Tindo liligonga. Jiwe likatikisika kidogo sana. Jabez alikuwa akitokwa na jasho kwenye baridi ile, na kidole chake gumba kilikuwa kinavuja damu.

"Wewe ni mjinga, Inspekta," Dorcas alisema. "Ukaidi uko wa aina nyingi. Huu ni wa mtu aliyekwisha kuonyeshwa kosa lake. Amelielewa. Amekubali moyoni. Na bado harudi nyuma. Ndiyo maana yake, tangu mwanzo hadi lilipokufa. Hakuna... hakuna hata mmoja aliyelitumia kusifu."

"Haijalishi. Watu wangelipenda zaidi likiwa la sifa. Kwa nini usimwachie Lisle? Neno lenyewe limekufa."

"Kwa sababu likichapishwa litaaminiwa. Miaka mia moja mtu atafungua kamusi na ataamini. Mimi..." Sauti ikapungua. "1671. Baba mmoja, mfanyabiashara. Anaandika kuhusu binti yake. Binti anajua... anajua amekosa..."

"Amefanya nini?"

"Hataki kurudi nyumbani."

"Halafu?"

Hakujibu.

"Halafu nini, Bi Haigh? Baba akasemaje?"

Nyundo iliongeza kasi. Jiwe lilitoka nusu, likakwama. Jabez aliliingiza tindo chini yake na kulilalia kwa kifua chake chote, akinong'ona jina la mwanawe.

"Lisle yuko sahihi," Sugden alipaza sauti. Alisikia sauti yake mwenyewe ikipasuka na hakujali. "Nitaiambia kamati Ijumaa. Nitasema Dorcas Haigh hakuwa na hoja. Unanisikia? Nitasema hivyo mbele yao wote. Yuko sahihi! Nibishie!"

Jiwe likaanguka, likabingirika ngazi hadi chini, na mnara mzima ukaitikia. Jabez alijilaza kifudifudi na kuingiza mkono ndani ya tundu hadi begani, akipapasa. Sugden alikuwa amepiga magoti, paji la uso kwenye mlango, machozi yakimtiririka.

"Nibishie, Bi Haigh," alisema. "Tafadhali. Nibishie."

Komeo lililia, likasogea inchi moja, kisha mbili.

"Hapana," ikatoka sauti ya ndani, ndogo kabisa. "Umekosea."

Na Jabez Haigh akavuta kwa nguvu zake zote, mlango ukafunguka.